Umeme wa jotoardhi: mitambo mitatu kwenye mizani, na kisima kinachoamua yote

Turbini, mashine inayozungushwa na mvuke, ndiyo sehemu rahisi ya mradi wa jotoardhi, yaani umeme unaotokana na joto la chini ya ardhi. Viwanda vinavyoitengeneza vina uzoefu wa miaka mingi, vipimo vyake vinajulikana, na ikifungwa vizuri huzunguka usiku na mchana bila kungoja jua wala upepo. Shida iko kilomita mbili au tatu chini yake, mahali ambapo fundi hawezi kuingia kuangalia. Kwa hiyo tathmini hii ya mitambo inayouzwa leo itarudi kisimani mara kwa mara. Anayeagiza mashine kabla kisima hakijapimwa anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na sifa, maana ni za kweli. Mtambo wa jotoardhi unaotunzwa vyema huzalisha asilimia 80 hadi 90, na pengine zaidi, ya umeme ambao ungezalisha kama usingesimama hata dakika moja mwaka mzima. Hakuna mitambo ya jua au ya upepo inayokaribia hapo. Haununui mafuta, haukai kwenye eneo kubwa, na ukihudumiwa unaishi miongo. Huko Larderello, Italia, Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa mvuke wa ardhini mwaka 1904. Mwaka 1913 kikafuata kituo cha kilowati 250, na uwanja ule, yaani eneo lile lenye mvuke ardhini, unazalisha umeme mpaka leo. Kenya ilianza na mashine moja ya megawati 15 pale Olkaria mwaka 1981, na sasa jotoardhi huipa nchi hiyo zaidi ya theluthi ya umeme wake.

Hata hivyo, dunia nzima ina takriban gigawati 16 tu za mitambo hii, na kwa teknolojia iliyozaliwa mwaka 1904 huo ni uchache wa kushangaza. Joto si haba: karibu kila mahali halijoto hupanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka, na kwenye mabonde ya ufa na maeneo ya volkano hupanda kwa kasi zaidi. Kinachokosekana ni kukutana kwa mambo matatu mahali pamoja: joto la kutosha, maji ya kulibeba, na mwamba wenye nyufa zinazopitisha maji hayo. Joto lisilo na nyufa halitoki. Nyufa zisizo na joto ni kisima cha maji ya kawaida.

Kisima: hapa ndipo fedha zinapozama

Uchimbaji hula kati ya theluthi moja na nusu ya gharama ya mradi, na sehemu kubwa hulipwa kabla hujajua kama kuna chochote chini. Katika uwanja mpya, jiandae kwamba karibu nusu ya visima vya mwanzo havitafaa. Uwanja ukishaeleweka, visima vitatu kati ya vinne na zaidi hufaulu. Kisima kizuri cha kawaida hutoa mvuke wa megawati 5 hivi. Vipo vinavyozidi megawati 10, lakini usipange bajeti kwa kutegemea hivyo.

Kisima cha kawaida cha mita 3,000 hujengwa kwa mabomba yanayopungua upana kadiri unavyoshuka. Kuna bomba la inchi 20 la mita chache za juu, la inchi 13 na 3/8 hadi mita 300 hivi, la inchi 9 na 5/8 hadi mita 800 au 1,200, kisha la inchi 7 lenye matundu mpaka chini kabisa, ambalo halitiwi saruji ili mvuke uingie. Yale matatu ya juu lazima yazungukwe na saruji toka chini hadi usoni pa ardhi bila kuacha mwanya. Hapo ndipo wakandarasi wengi hupunguza kazi, na hapo ndipo visima vingi hufa.

Sababu inaonekana kwa hesabu fupi. Chuma kikipashwa moto kutoka nyuzijoto 30 hadi 250, bomba la mita 1,000 lingerefuka zaidi ya mita mbili na nusu kama lingekuwa huru. Saruji ndiyo inayolishika lisirefuke. Sehemu isiyoshikwa hupinda au hukatika kwenye maungio. Baya zaidi ni maji yaliyonaswa kati ya bomba na bomba wakati wa kumwaga saruji. Kisima kikianza kupata moto, maji hayo hutanuka, hayana pa kwenda, na hulibana bomba la ndani mpaka linabonyea. Kisima kilichobonyea kwenye mita 400 huwa na mvuke wote chini na njia imefungwa. Ndiyo maana kisima kipya hufunguliwa polepole, kinapashwa joto kwa siku kadhaa kwa kutoa mvuke kidogo kidogo, wala hakifunguliwi ghafla ili wageni waone wingu. Kukizima na kukipoza mara kwa mara nako hukichosha vilevile.

Tatizo jingine la kila siku ni mwamba kumeza tope la kuchimbia. Tope huteremshwa kupitia mtaimbo, yaani safu ya mabomba ya kuchimbia, hupoza kichwa cha kuchimbia na kurudi juu likiwa na vipande vya mwamba. Likifika kwenye ufa halirudi. Ndizo habari njema, maana ufa ndio unaotafutwa, ila vipande vya mwamba hubaki chini na kuuzika mtaimbo. Wachimbaji wanaoijua kazi hubadili hapo hapo: huacha tope, hutumia maji yaliyochanganywa na hewa na povu ili uzito wa safu ya maji upungue na vipande viendelee kupanda. Mkandarasi asiye na kompresa (mashine za kubana hewa) za kutosha kwa kazi hii asipewe sehemu ya chini ya kisima.

Kisima kikikamilika hakina haraka ya kupimwa. Kiache kipate moto mwezi mmoja hadi mitatu huku ukishusha vipima joto na presha, kisha kifungulie kupitia kizima kelele na upime kwa miezi mingine kadhaa: tani ngapi kwa saa, joto kiasi gani kwa kila kilo, gesi asilimia ngapi, silika (madini ya mchanga yaliyoyeyuka majini) kiasi gani, na presha ya kisima jirani inashuka au haishuki. Jaribio la wiki moja linaonyesha tu kwamba kisima kimeamka.

Mtambo wa mvuke mkavu

Hapa hatutakawia. Kama kisima kinatoa mvuke mtupu usio na maji, uelekeze kwenye chujio la mchanga kisha kwenye turbini. Ndio mtambo sahili kuliko yote na wenye sehemu chache za kuharibika. Ila maeneo yenye mvuke kama huo ni machache mno duniani: Larderello, The Geysers kule California, Kamojang nchini Indonesia, na mengine ya kuhesabu. Ukiwa nao, chukua mtambo huu bila kujadiliana.

Mtambo wa kutenganisha mvuke na maji

Huu ndio farasi wa kazi, na ndio unaofaa uwanja wowote wenye maji ya nyuzijoto 200 na kuendelea. Maji moto yaliyobanwa na presha huko chini hupanda, presha hupungua, sehemu yake hugeuka mvuke. Juu, kitenganishi hutupa maji pembeni kwa mzunguko na kuruhusu mvuke uende kwenye turbini.

Kuna hesabu ambayo kila mnunuzi anapaswa kuifanya mwenyewe kabla ya kusikiliza muuzaji. Chukua kisima kinachotoa tani 100 kwa saa za maji yaliyokuwa na nyuzijoto 250 ardhini. Kitenganishi kikiwekwa kwenye baa 6 (mara sita hivi ya presha ya hewa ya kawaida), takriban tani 20 zinakuwa mvuke na tani 80 zinabaki maji ya nyuzijoto 159 hivi. Turbini yenye kondensa, chombo kinachopoza mvuke ugeuke maji, hutumia tani 7 hadi 8 za mvuke kwa saa kwa kila megawati. Kwa hiyo kisima hicho ni cha megawati mbili na nusu au zaidi kidogo. Turbini isiyo na kondensa, inayotoa mvuke wake moja kwa moja hewani, hutumia karibu mara mbili ya hapo. Muuzaji akikuahidi megawati 5 kwa kisima hicho hicho, mwulize mvuke mwingine atautoa wapi.

Zile tani 80 za maji ndizo zinazowatia watu tamaa. Zina joto jingi, na wazo la kuzichemsha tena kwa presha ndogo zaidi ili kupata mvuke wa pili linavutia kwenye karatasi. Ukoko wa silika ndio unaolikwamisha. Maji ya nyuzijoto 250 hutoka ardhini na miligramu 490 hivi za silika kwa kila kilo. Mvuke ukishatoka, silika yote hubaki kwenye maji, na kipimo hupanda hadi miligramu 610 hivi. Kwenye nyuzijoto 159 maji yanaweza kushika takriban miligramu 670, kwa hiyo hakuna kinachoganda. Yakishuka chini ya nyuzijoto 150 hivi yanakuwa yameshapita mpaka. Yakifika nyuzijoto 100 yanaweza kushika miligramu 360 tu, wakati yanabeba zaidi ya 650. Ziada yote hiyo inatafuta pa kushika: kuta za mabomba, vali, na mbaya kuliko zote, nyufa za kisima cha kurudishia maji, ambako hakuna patasi itakayofika.

Dawa zipo. Unaweza kupandisha presha ya kitenganishi na kukubali mvuke mchache. Unaweza kudondosha tindikali kidogo ili kuchelewesha kuganda, mradi pampu ya kupimia isikosee, kwani tindikali ikizidi inakula bomba. Unaweza pia kuyapitisha maji kwenye mabwawa silika igande huko kwanza. Kwa maoni yetu, presha ya juu ni chaguo la mwendeshaji mwenye wakemia wachache. Kuchemsha mara ya pili kuwe kwa kampuni yenye maabara yake papo hapo.

Ukoko wa chokaa una tabia nyingine. Unajijenga ndani ya kisima, pale pale maji yanapoanza kuchemka, kwa kuwa kaboni dioksidi inatoroka na maji yanapoteza uwezo wa kushika chokaa. Dalili yake ni mtiririko unaopungua mwezi kwa mwezi huku presha ya kisima kilichofungwa ikibaki ile ile. Kinga ni mrija mwembamba unaoshushwa mpaka chini ya mahali pa kuchemkia, ukipeleka kemikali ya kuzuia. Mrija ukiwa mfupi kwa mita 20 tu, dawa inafika juu ya tatizo na haisaidii kitu.

Turbini yenyewe hudai mambo mawili: mvuke safi na kondensa yenye ombwe zuri. Matone ya maji yanayoponyoka kitenganishi hubeba chumvi na silika, zinazojishikiza kwenye mapanga ya hatua ya kwanza; dalili ni presha ya mvuke kupanda mlangoni huku megawati zikishuka. Ombwe nalo huharibiwa na gesi zisizogeuka maji, nyingi zikiwa kaboni dioksidi pamoja na haidrojeni salfaidi. Gesi zikiwa chini ya asilimia 1 ya mvuke, vinyonyaji vinavyoendeshwa kwa mvuke vinatosha na havina sehemu inayozunguka. Zikiwa asilimia 10, kama kwenye uwanja wa Kızıldere nchini Uturuki, vinyonyaji hivyo vitakula mvuke mwingi mno, na kompresa ndiyo jibu.

Haidrojeni salfaidi inastahili tahadhari ya peke yake. Ina harufu ya yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni pua hufa ganzi na mtu hudhani gesi imeondoka. Ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye shimo la kichwa cha kisima. Hakuna kushuka humo bila kipima gesi kifuani na mwenzako juu. Gesi hiyo hiyo hula shaba: swichi, rilei na kadi za kielektroniki za chumba cha udhibiti huungua bila sababu inayoonekana. Chumba hicho kiwe na hewa iliyochujwa kwa kaboni na presha inayozidi ya nje kidogo, na nyaya ziwe zimepakwa bati. Anayeondoa kipengele hiki kwenye mkataba ili kupunguza bei atakilipia baadaye kwa kadi moja baada ya nyingine.

Mtambo wa kimiminika cha pili

Kwa maji ya nyuzijoto 100 hadi 180, mvuke wake hautoshi kuendesha turbini ya kawaida kwa faida. Hapa maji ya ardhini hupita kwenye kibadilisha joto na kuchemsha kimiminika kingine, mara nyingi isopenteni inayochemka kwenye nyuzijoto 28 hivi, na mvuke wa hicho ndio unaozungusha turbini. Maji yenyewe, yakipampiwa na kubanwa ili yasichemke, hurudi ardhini na gesi zake zote. Kwa usafi, hakuna anayeushinda.

Udhaifu wake ni ufanisi: kati ya asilimia 10 na 13 ya joto hugeuka umeme, na sehemu ya umeme huo huliwa na mtambo wenyewe kwa pampu na feni. Tofauti kati ya megawati ghafi na megawati zinazouzwa inaweza kufika robo. Pia mtambo unaopozwa kwa hewa huzalisha kidogo mchana wa joto kali, saa ambazo watu wanataka umeme kwa viyoyozi. Chena Hot Springs, Alaska, wanazalisha umeme tangu 2006 kwa maji ya nyuzijoto 74 tu, na wauzaji hupenda kuutaja mfano huo. Mara chache huongeza kwamba Chena wana maji ya baridi sana ya kupozea. Usipeleke hesabu ya Alaska kwenye nchi ya joto.

Kuna mambo mawili ya kukagua kabla ya kusaini. Pampu inayokaa ndani ya kisima ndiyo inayokufa mapema, kwani mota yake inafanya kazi kwenye maji yanayochemsha kila kiungo, na kuitoa kunahitaji winchi kubwa na siku kadhaa za kusimama. Uwe na ya akiba. Isopenteni nayo inashika moto na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo vipima uvujaji vifungwe karibu na sakafu, hasa kwenye sili za turbini.

Ndugu wa mitambo hii ni ule mdogo unaofungwa kando ya kisima kimoja, wa megawati 2 hadi 6 hivi, na unaweza kutumia mbinu yoyote kati ya hizo. Kenya imeutumia sana Olkaria tangu 2012. Unaanza kuuza umeme miezi mingi kabla ya kituo kikubwa kukamilika, na wakati huo huo unakipima kisima. Kwa mvuke ule ule, kituo kikubwa hutoa umeme zaidi. Ununue kwa mpango wa kuuhamisha, na uhakikishe msingi na mabomba yamesanifiwa kwa kuhamishwa kweli.

Je, haiishi?

Jotoardhi ni nishati jadidifu kwa anayechota kwa kipimo. The Geysers ilianza mwaka 1960, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mitambo ya karibu megawati 2,000 ilikuwa imefungwa kwenye uwanja mmoja. Presha ikaporomoka. Joto lilikuwepo, maji ndiyo yaliyoisha. Tangu 1997 uwanja umekuwa ukirudishiwa maji taka yaliyosafishwa kutoka Lake County, na tangu 2003 kutoka mji wa Santa Rosa, ndipo kushuka kukatulia. Wairakei, New Zealand, ilizalisha kwa miaka mingi bila kurudisha maji, na sehemu moja ya ardhi pale imedidimia karibu mita 15.

Kurudisha maji si kuyamwaga kwenye shimo lolote. Yakirudishwa karibu mno, hupita kwenye ufa na kukipoza kisima cha uzalishaji. Yakirudishwa mbali mno, hayaipi presha nguvu. Umbali hupatikana kwa kutia kemikali ya alama kwenye kisima cha kurudishia na kuivizia kwenye vingine. Ikitokea baada ya siku chache, hama. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, visima hupungua nguvu kila mwaka, kwa hiyo bajeti ya visima vya nyongeza iwemo tangu siku ya kwanza.

Upande wa hewa, mitambo ya mvuke hutoa kaboni dioksidi kidogo sana ikilinganishwa na makaa ya mawe, ingawa baadhi ya nyanja zina gesi nyingi. Hellisheiði, Iceland, huiyeyusha gesi hiyo kwenye maji na kuipeleka kwenye mwamba wa basalti, yaani lava iliyoganda. Katika majaribio ya awali, zaidi ya asilimia 95 yake iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili.

Kutengeneza nyufa kwenye mwamba mkavu ndiko kunakoweza kuifanya jotoardhi ipatikane karibu popote. Mwaka 2023 kule Nevada, visima viwili vya mlalo vilivyounganishwa kwa nyufa za kutengenezwa vilifikia uwezo wa megawati 3.5 kwenye jaribio. Ni hatua kubwa. Lakini Basel, Uswisi, kazi kama hiyo ilizua tetemeko la ukubwa wa 3.4 mwaka 2006 na mradi ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, tume ya serikali ililihusisha tetemeko la 2017 lililozidi ukubwa wa 5 na maji yaliyosukumwa ardhini kwenye mradi wa jotoardhi. Kwa sasa hiyo si bidhaa ya kuagiza, labda kwa mwenye fedha za utafiti.

Tukilazimika kuchagua: juu ya nyuzijoto 200, mtambo wa kutenganisha wenye kondensa, pamoja na ule wa kimiminika cha pili unaokamua joto la maji yaliyobaki mpaka pale silika inaporuhusu. Chini ya nyuzijoto 180, kimiminika cha pili peke yake, na mpango wa kuuza joto lililosalia kwa kukausha mazao au kupasha nyumba za kioo. Kati ya hapo, waachie wakemia waamue.

Kwenye mkataba, dai dhamana ya megawati zinazotoka getini, zikipimwa kwenye joto la mchana wa kiangazi na kwa mvuke wenye gesi kiasi kile kilichopimwa kisimani mwako. Weka kipengele kinachochelewesha malipo ya turbini mpaka jaribio la miezi la kisima likamilike. Na rota ya akiba, yaani sehemu ya turbini inayozunguka, inunuliwe pamoja na ya kwanza, iwe ghalani kabla ya matengenezo makubwa ya kwanza, maana kiwanda hakiiweki rafuni. Huitengeneza kwa oda.